Amplifaya ya jukiboksi ya valvu: dalili, chanzo na dawa yake

Jukiboksi ya zamani ikinyamaza, mwenyewe huanza kuulizia valvu mpya. Valvu, zile chupa za kioo ndani ya amplifaya, zinaonekana, zinawaka, zina sura ya kitu kinachoungua, kwa hiyo lawama zote zinaziangukia. Ukweli ni kwamba kwenye amplifaya za miaka ya 1940 na 1950, valvu ni ya kushukiwa mwishoni. Mkosaji wa kawaida ni kapasita (kipuri kinachohifadhi chaji) ya karatasi ya bei ya andazi, iliyojificha chini ya chasisi, ile fremu ya chuma, mahali ambapo mwenye mashine hajawahi kuchungulia. Valvu mpya ukiichomeka juu ya kapasita mbovu, utakuwa umenunua valvu ya pili ya kuua.

Mfano wangu mkuu hapa ni Seeburg, hasa M100B ya 1950, iliyokuwa jukiboksi ya kwanza kupiga santuri za 45 (mizunguko 45 kwa dakika), na M100C ya 1952. Zilitengenezwa Chicago, na amplifaya zake ni za familia ya MRA yenye jozi ya valvu za 6L6 upande wa kutolea sauti. Wurlitzer, Rock-Ola na AMI za enzi hiyo zimepangwa tofauti, ila magonjwa yao ni yaleyale.

Kabla hujagusa chochote

Ndani ya chasisi kuna volti 350 hadi 450 za DC, na kapasita kubwa zinaweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya plagi kuchomolewa. Chukua rezista ya omu 10,000 ya wati 10, iunganishe na nyaya mbili zilizofunikwa vizuri, kisha gusisha upande mmoja kwenye chasisi na mwingine kwenye chanya ya kapasita kwa sekunde kadhaa. Halafu pima kwa mita. Usiamini rezista peke yake. Na unapopima mashine ikiwa imewashwa, mkono mmoja ukae mfukoni.

Kifaa cha pili ni balbu ya sirizi: balbu ya wati 100 ya zamani, ile ya nyuzi, imeungwa kwenye waya wa laivu kabla ya transfoma ya kushushia umeme. LED haifai kwa kazi hii. Ukiwasha, balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikikaa imewaka kama ya sebuleni, kuna shoti, zima.

Jambo la tatu watu hulipuuza: usiwashe amplifaya ya valvu bila spika. Transfoma ya kutolea sauti isipokuwa na mzigo, volti upande wa anodi (kibati cha nje ndani ya valvu) zinaweza kuruka juu mno na kutoboa insulesheni ya waya wake mwembamba, na transfoma hiyo ndiyo kipuri kigumu kuliko vyote kupata. Kama huna spika mezani, funga rezista ya omu 8 ya wati 25 au zaidi.

Kimya, lakini valvu zinawaka

Hapa usikimbilie bisibisi. Jukiboksi ina swichi ya kunyamazisha sauti wakati mashine inatafuta santuri, na kontakti zake zikiota kutu au zikijipinda, amplifaya inabaki imezibwa mdomo hata muziki ukiwa unapigwa. Angalia pia waya wa volyumu ya mbali, ile iliyokuwa ikivutwa mpaka kaunta ili mwenye baa apunguze sauti bila kuamka. Kwenye baadhi ya mashine, plagi ya volyumu hiyo isipokuwepo, sauti haitoki kabisa. Mashine imehama mikono mara ngapi tangu ile baa ifungwe? Plagi hizo ndizo za kwanza kupotea.

Pale nyuma kuna pia ukanda wa skrubu za kuunganishia spika, wenye vipande vya waya vinavyochagua nguvu na omu. Amplifaya hizi zilijengwa kulisha spika za ukumbi mzima, nyingine zikiwa na mstari wa volti 70 kwa spika za mbali. Kipande kimoja kikiwekwa penye skrubu isiyo yake, sauti inakuwa hafifu au haipo. Linganisha na mchoro, usilinganishe na kumbukumbu ya mtu.

Kama hayo yote ni mazima, weka sikio karibu na spika. Ukisikia mvumo mdogo au mchuruziko, upande wa mwisho uko hai. Sasa rudi nyuma hatua kwa hatua: kwa ncha ya waya uliofunikwa, wenye kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.01 ya volti 630 kichwani, peleka sauti ya jenereta ndogo ya ishara kwenye gridi ya 6L6 (wavu wa ndani unaoongoza mkondo wa valvu), kisha kwenye valvu inayoitangulia, kisha ya kabla yake. Pale sauti inapokatika, umefika nyumbani kwa mgonjwa.

Katika jukiboksi nyingi za miaka ya 1940 kuna mtego mwingine. Spika zake hazina sumaku ya kudumu. Zina koili ya sumaku inayopitisha umeme wa amplifaya yenyewe na kufanya kazi ya kuchuja. Spika ikichomolewa au koili ikikatika, umeme mkubwa haufiki kwenye valvu. Mtu akiondoa spika hiyo na kuweka ya kisasa, lazima aweke pia choki (koili ya kuchuja) au rezista yenye omu zilezile na wati za kutosha, la sivyo amekata mkondo bila kujua.

Balbu haififii, au fyuzi inakatika

Chomoa valvu ya rektifaya, inayogeuza AC kuwa DC, kwa kawaida 5U4. Balbu ikififia, shoti iko mbele ya rektifaya, yaani upande inakopeleka DC, au ndani ya rektifaya yenyewe. Isipofifia, chomoa valvu zote. Bado ikiwaka, transfoma ndiyo imekwenda au waya wa hita (nyuzi inayopasha valvu joto) umegusa chasisi. Ni kazi fupi, na inakupa jibu kabla hujalehemu kitu.

Shoti ya mbele ya rektifaya mara nyingi ni kapasita za kuchuja. Zimekaa zaidi ya miaka 60; zibadilishe tu. Wanaopenda sura ya zamani huacha mkebe wa alumini juu ya chasisi na kuficha kapasita mpya chini yake. Sawa kabisa, mradi nyaya za mkebe zimekatwa. Usiunge mpya sambamba na ya zamani, kwa sababu ya zamani itaendelea kuvuja na kupata joto.

Kuhusu ukubwa, kwa mikrofaradi: penye 20 weka 22, penye 40 weka 47 kama ni kapasita ya pili au ya tatu. Ile ya kwanza, inayogusana na rektifaya, usiipandishe. 5U4 haikujengwa kujaza kapasita ya mikrofaradi 100 kila inapowashwa. Itatoa cheche ndani na kufa. Volti ziwe 450 au 500. Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, kapasita za volti 450 hazikosekani kwa sababu ya pawasaplai za televisheni, ila pima kwanza kabla ya kulipa, maana kuna zenye maandishi makubwa na tumbo dogo.

Sauti imekwaruza na 6L6 imeanza kuwa nyekundu

Hii ndiyo dalili ninayotaka uielewe vizuri kuliko zote. Zima taa za chumba uone. Hita ikiwaka rangi ya chungwa katikati ya valvu, ni kawaida. Lakini kile kibati cha kijivu kilichozunguka, yaani anodi, kikianza kuwa chekundu, valvu inapitisha mkondo mkubwa kuliko inavyoweza. Zima mara moja.

Kati ya valvu inayotangulia 6L6 na gridi ya 6L6 kuna kapasita ya kupitishia sauti. Upande mmoja ina takriban volti 200 za DC, upande wa pili inatakiwa isipitishe DC hata kidogo. Zile za asili ni karatasi iliyozungushiwa foili na kufunikwa nta, na karatasi hiyo imekuwa ikinywa unyevu tangu enzi za Tanganyika.

Tuseme kapasita hiyo sasa inavuja kwa megaomu 10. Ukiipima kwa mita ya kawaida nje ya mashine, utaona kitu kama "haipitishi" na utairudisha ndani kwa moyo mweupe. Sasa piga hesabu. Rezista ya gridi ni omu 470,000. Volti 200 zinagawanyika kati ya megaomu 10 na hiyo 0.47, na gridi inapata karibu volti 9 chanya. Kama valvu ilihitaji gridi iwe chini ya kathodi (sehemu inayopashwa na hita ili itoe mkondo) kwa volti 20 hivi, karibu nusu ya ulinzi wake imeliwa. Mkondo unapanda, kibati kinakuwa chekundu, muziki unakwaruza, na fundi anatangaza kwamba 6L6 imechoka.

Kipimo sahihi ni ndani ya mashine, ikiwa imewashwa na imepata joto. Weka mita ya dijitali, kwa sababu ina megaomu 10 ndani na haivuti mkondo mwingi, kati ya gridi na chasisi. Kama kathodi ina rezista yake, gridi iwe sifuri. Kama amplifaya ina volti hasi za pekee kwa gridi, isomeke hasi kama mchoro unavyosema. Tazama namba kwa dakika kadhaa, usiridhike na ya kwanza: mara nyingi huanza sifuri, kisha 0.8, kisha 2, na inazidi kupanda kadiri chasisi inavyopata joto. Ukiona hivyo, chomoa 6L6 yenyewe na upime tena kwenye soketi. Volti chanya zikibaki, kapasita inavuja. Zikitoweka, valvu ndiyo mbaya, na sasa una haki ya kununua mpya.

Dawa ni kapasita ya filamu ya volti 630 yenye thamani ileile. Ukibadilisha moja, badilisha zote za karatasi. Umri wao ni mmoja.

Kwenye mashine zenye volti hasi za pekee, angalia pia kinachozitengeneza. Nyingi zina rektifaya ya seleniamu, vile vibati vya mraba vilivyopangwa mstari. Ikichoka, volti hasi hupungua na valvu zote mbili huwa nyekundu pamoja. Ikiungua hutoa harufu kali ya kitu kilichooza, na moshi wake ni sumu, fungua madirisha. Diodi ya silikoni ya 1N4007 inatosha kuchukua nafasi yake, ila inapoteza volti chache kuliko seleniamu, kwa hiyo volti zitapanda. Ongeza rezista mpaka zirudi pale mchoro unapotaka.

Mvumo

Mvumo una aina mbili na sikio linaweza kuzitofautisha. Kwa umeme wetu wa hezi 50, mvumo wa pawasaplai ni wa hezi 100, mkali kidogo, kama unang'ata. Wa hezi 50 ni mzito na laini, na unatoka kwenye hita, kwenye shildi (kinga ya nje) iliyokatika ya waya wa katriji, kile kichwa chenye sindano ya santuri, au valvu ambayo hita yake inavujia kathodi.

Zungusha volyumu mpaka chini. Mvumo ukipungua, chanzo kiko kabla ya volyumu: katriji, waya wa mkono wa santuri, valvu ya kwanza. Usipobadilika, uko baada yake, na hapo kapasita za kuchuja ndizo za kwanza kushukiwa. Baada yake pima 6L6 mbili: zinafanya kazi kwa kusukumana, na mvumo wa pawasaplai unafutana katika transfoma pale tu zote mbili zinapovuta sawa. Moja ikilala, mvumo unajitokeza hata kapasita zikiwa mpya. Pima volti za DC kwenye kila nusu ya transfoma ya kutolea sauti. Zisipokaribiana, valvu hazilingani au nusu moja ina tatizo.

Kama hita zimeungwa sambamba, unaweza kuchomoa valvu ndogo moja baada ya nyingine kuanzia ya kwanza na kusikiliza mvumo unapokatika.

Sauti ndogo, au inayopanda na kushuka yenyewe

Santuri hazikurekodiwa kwa ukubwa mmoja, na Seeburg waliweka sakiti ya kusawazisha sauti, iliyoandikwa AVC kwenye michoro yao. Inachukua sehemu ya sauti, inaigeuza kuwa volti hasi, inaihifadhi kwenye kapasita, na volti hiyo inapunguza nguvu ya valvu za mbele. Wazo zuri sana kwa baa. Kapasita hiyo ikivuja, usawazishaji unakufa na santuri moja inanguruma huku inayofuata inanong'ona. Rezista ya kuiondolea chaji ikikatika, wimbo unaanza vizuri, kipande cha sauti kubwa kinapita, kisha muziki unazama na haurudi. Nimeona mtu akibadilisha katriji mbili kwa tatizo hili.

Sauti iliyo ndogo muda wote ni habari nyingine. Rezista za kaboni za zamani hupanda thamani. Iliyoandikwa omu 220,000 unaweza kuikuta 350,000. Zaidi ya asilimia 20 juu, badilisha. Kapasita ya kathodi iliyokauka nayo hupunguza nguvu na besi.

Halafu kuna katriji. Za Seeburg za wakati huo ni za sumaku, na koili yake unaipima kwa mita ukajua kama imekatika. Mashine nyingine zilitumia katriji za kristali, na kristali hiyo ni chumvi ya Rochelle, inayoharibika kwa unyevu na joto. Mashine iliyokaa Tanga, Mombasa au Unguja yenye katriji ya kristali ya asili, usipoteze muda kuipima. Tafuta ya kauri inayolingana.

Sauti nyembamba yenye treble nyingi au kidogo isiyoeleweka si lazima iwe ugonjwa. Kanuni ya RIAA (chama cha warekodi santuri cha Marekani) ya kusawazisha besi na treble wakati wa kurekodi ilikubaliwa 1954, na amplifaya za kabla ya hapo zilisahihishwa kwa kanuni nyingine. Kabla ya kubadilisha kitu, cheza na swichi za treble na besi zilizo kwenye chasisi.

Mikwaruzo na milio ya ghafla

Chukua kijiti cha mti mkavu na ugonge kila valvu na kila soketi taratibu. Soketi chafu hujibu hapo hapo. Safisha kwa dawa ya kontakti, kaza miguu ya soketi iliyolegea kwa sindano, mashine ikiwa imezimwa na kapasita zimetolewa chaji. Valvu ya kwanza ikilia kama kengele unapoigonga, ihamishie nafasi isiyo nyeti au iweke kando.

Kama ni ya transista

Katikati ya miaka ya 1960 watengenezaji wakubwa walikuwa wakihamia transista, na nyingi za mwanzo ni za germaniamu. Tabia yake: mashine inapiga vizuri nusu saa, kisha sauti inakwaruza na kipoozeo kinachoma kidole. Germaniamu huvuja zaidi inapopata joto, na ikivuja zaidi inapata joto zaidi, mpaka inajiua. Usichomeke silikoni pale ukategemea itafanya kazi. Germaniamu huanza kufunguka kwenye volti 0.2 hivi, silikoni inataka 0.6, kwa hiyo lazima rezista za biasi, zinazoweka volti hiyo, zibadilishwe pia. Na kabla hujaunga spika, pima DC mahali inapoungwa. Isizidi sehemu ndogo ya volti.

Kuboresha, na mahali pa kuacha

Maboresho ya kwanza ni ya uhai. Mashine za Marekani zilikuja na plagi ya miguu miwili, na nyingi zina kapasita ndogo kutoka kwenye laini ya umeme hadi chasisi. Iondoe. Weka waya wa nyaya tatu, ethi ifungwe kwenye chasisi kwa skrubu yake yenyewe, laivu ipite kwanza kwenye fyuzi kisha swichi.

Mashine inataka volti 117, sisi tuna 230 hadi 240. Transfoma nyingi za kushushia zinazouzwa madukani zina koili moja tu, hazitenganishi mashine na umeme wa ukutani. Chagua yenye koili mbili, na uwezo wake usipungue mara moja na nusu ya wati zilizo kwenye kibandiko cha jukiboksi. Iliyoandikwa 230 kwenda 110 ndiyo naipendelea: kwa 240 ukutani inatoa karibu 115, na hilo linaisaidia transfoma ya ndani, ambayo ilihesabiwa kwa hezi 60 na hupata joto zaidi kwa 50.

Watu wengi huuliza kuhusu kuongeza nguvu kwa valvu kubwa zaidi za EL34 au KT88. Hapana. Hita ya 6L6 inavuta ampea 0.9, EL34 inavuta 1.5 na KT88 inavuta 1.6. Mbili za aina hiyo zinaiongezea transfoma zaidi ya ampea moja ambayo haikuhesabiwa, na huko ndiko transfoma za asili zinakokufa. 6L6GC au 5881 zinaingia bila ugomvi. Vivyo hivyo usibadilishe 5U4 kwa diodi: volti zitapanda makumi kadhaa, na zitafika kwenye kapasita kabla valvu hazijapata joto.

Ukishamaliza yote na wimbo bado unasikika mzito, mwimbaji kama amelewa, acha amplifaya. Mota ya hezi 60 inazunguka polepole kwa hezi 50, na santuri ya 45 inazunguka mara 37.5 kwa dakika. Muziki unashuka semitoni tatu na ziada. Dawa ni puli au kikola cha mota chenye kipenyo kikubwa zaidi kwa uwiano wa 6 kwa 5.

La mwisho ni simu, kwa sababu kila mteja anataka kupiga muziki wa simu. Usiunge simu kwenye tundu la katriji ya sumaku. Tundu hilo linategemea milivolti chache na linapandisha besi kwa kanuni ya santuri. Utapata ngurumo na mkwaruzo. Ingiza baada ya hatua ya kusahihisha, upande wa juu wa volyumu, kupitia kapasita ya mikrofaradi 0.1 ya volti 400 na rezista ya omu 47,000. Kama amplifaya ni ya mono, chaneli mbili za simu zipite kila moja kwenye rezista yake ya omu 4,700 kabla ya kukutana, la sivyo chaneli moja inaisukuma nyingine ndani ya simu. Weka pia swichi ya kuchagua kati ya katriji na simu, na waya wa shildi ufungwe chasisi upande mmoja tu, ule wa amplifaya, ili usijitengenezee mvumo mpya.